Kiti Alichokisifu Baba

Mahari yangu ilikuwa viti viwili vya gari. Wajukuu wangu wakinisikia nikisema hivyo hucheka mpaka wanashika mbavu, nami nawaacha wacheke, maana hawakuwepo. Hawakuuona upepo wa kiangazi wa kwetu unaokutia mchanga kwenye meno tangu asubuhi, na mimi niko uani siwezi kukaa wala kusimama, natwanga uwele uliokwisha kutwangwa, macho yangu yako barabarani.

Nilikuwa msichana asiyetulia. Mama alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu akikaa chini mkamwona ametulia, jueni anaumwa." Nikitumwa maji nilikwenda mbio na kurudi mbio, nusu ya ndoo nimeinywesha njia. Lakini mwaka ule hata watu wenye miguu mizito hawakutulia. Tulikuwa tumeambiwa tutahamia kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zipangwe kwenye mstari, shule na kisima viwe karibu. Lini, hakuna aliyejua. Balozi wa nyumba kumi akipita na baiskeli, watu waliacha majembe wakamtazama mpaka apotee. Mapaa ya tembe yalivuja na hakuna aliyeyagusa, maana utaziba nini leo na kesho unaambiwa funga virago? Baba alikuwa na neno moja tu. Alitaka kabla hatujahamishwa ajue binti yake yuko katika nyumba ya nani.

Waliokuwa wamebisha hodi kuniposa ni wawili. Mmoja alikuwa mgane wa upande wa Ikungi, mtu mzima, ng'ombe wake hata yeye hakujua idadi. Aliniona mara moja tu nikiwa na mzigo wa kuni kichwani, akamwambia baba kwamba nina kiuno cha kazi. Kiuno cha kazi! Nilitema mate akiwa bado hajafika barabarani, mama akanifinya.

Wa pili alikuwa kijana wa Ilongero, fundi baiskeli, anayeziba pancha kwenye kibanda chake karibu na soko. Huyo nilimpenda, sina haja ya kuzunguka. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mizuri, na alikuwa na namna ya kukutazama kama anayesikiliza cheni inapogonga. Shida yake ilikuwa moja. Baba yake alikuwa amefariki, zizi lao lilikuwa dogo, na ng'ombe aliowataja baba yangu hawakutimia. Baba akampa muda mpaka mvua za kwanza. Mvua zikigusa ardhi kabla ya ng'ombe kutimia, mimi naenda Ikungi kwa yule wa kiuno cha kazi.

Sasa niwaeleze viti. Marehemu baba yake huyo kijana alikuwa mlinzi wa Mzungu mmoja aliyekuwa akichimbisha dhahabu upande wa Iramba. Mzungu yule alikuwa na gari la michezo, jekundu, fupi, chini chini, la watu wawili tu, la kukimbia kwenye lami. Lami yenyewe kwetu iko wapi? Watu walisema gari lile linakwama hata kwenye kivuli. Mwishowe lilipasua tumbo kwenye jiwe la korongo, na Uhuru ulipokuja mwenyewe akaondoka, akamwambia mlinzi aliangalie mpaka atakaporudi. Hakurudi. Mlinzi aliangalia mwaka wa kwanza, akaangalia wa pili, halafu watu wakaanza kujichukulia. Mabati yakawa karai na koroboi, matairi yakawa makatambuga, na mlango mmoja nilikuja kuuona kwa macho yangu umefunga banda la kuku. Mlinzi aliokoa viti tu, akaviingiza ndani kwake.

Vilikuwa viti vya ngozi, vyekundu zamani, lakini nilipoviona mimi vilikuwa vimefifia kuwa rangi ya maini. Havikuwa na miguu, chini vilikuwa na reli za chuma. Mama wa yule kijana alivipaka samli kila mara, kama anavyopaka ngozi yoyote isikauke, ndiyo maana havikupasuka hata kidogo.

Kiangazi kile alikuja fundi wa magari wa Kihindi kutoka Arusha. Alikuwa amesikia habari kwa dereva wa lori la vitunguu aliyelala Ilongero na kukalishwa kwenye kimoja. Fundi yule alikuwa akifufua gari la namna ileile, mali ya tajiri mmoja. Injini inaunguruma, rangi imepakwa, taa zimepatikana, viti ndiyo hakuna. Kiwandani waliacha kuvitengeneza zamani. Mwenzangu, yule kijana wa baiskeli, alimuuliza kwa nini asishone vipya au atie vya gari lingine, akajibiwa, "Ukitia viti vya gari lingine, hilo nalo ni gari lingine." Kisha akalala chali pale chini kwenye mavumbi, mtu mzima na shati lake jeupe, akamulika kwa kurunzi uvunguni mwa kiti, akaona nambari iliyogongwa kwenye chuma. Alipoinuka alikuwa na vumbi kwenye ndevu. Kisha akasema amevitafuta viti vile Mombasa na Dodoma na kila palipo na gereji, kumbe viko hapa vinakaliwa na magunia ya mtama.

Walipatana bei iliyotosha ng'ombe waliopungua, na ya mbuzi juu. Siku ile gari lake lilikuwa limejaa, na fedha hakuwa nazo, akaahidi kurudi kabla ya mvua. Akasisitiza jambo moja. "Vyote viwili. Kimoja kwangu hakina kazi." Mwenzangu akakubali wakashikana mikono. Mama yake alikuwa jikoni anapika ugali wa mgeni, hilo la mwisho hakulisikia.

Habari hii niliambiwa mimi tu, kwa kunong'onezwa kisimani. Hakutaka itangazwe, maana wakati ule mali ya Mzungu ilikuwa na wenyewe wengi, na katibu wa kijiji angeweza kuamka na kusema viti ni vya umma viende ofisini. Baba yangu hakujua lolote. Nikawa nalala na kuamka na siri hiyo, nikisikia gari lolote naruka kutazama barabarani. Mama akaniuliza kama nina minyoo.

Halafu likatokea lile. Ilikuwa desturi wazee wa msichana waende kukagua nyumba ya mchumba, waone binti yao atalala wapi na atachota maji wapi. Baba akaenda na kaka yake, baba yangu mkubwa. Mimi sikuwepo, naeleza kama alivyoeleza baba mkubwa, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango.

Mama wa kijana alikuwa amehangaika tangu alfajiri. Akajiuliza, huyu mkwe nitamkalisha kwenye kigoda kama jirani aliyekuja kuomba moto, na ndani nina kiti cha Mzungu? Akakitoa kimoja uani, akasawazisha mchanga, akakipaka samli mpaka kikameta. Baba mkubwa akapewa kigoda. Baba akaelekezwa kwenye kiti.

Lazima mjue kuhusu mgongo wa baba. Alipokuwa kijana alikwenda Tanga kukata mkonge akiwa manamba, kama vijana wengi wa kwetu, mkataba juu ya mkataba, akibeba mizigo ya majani yenye miiba. Alirudi na blanketi, na baiskeli, na mgongo uliopinda kama mundu. Sikumbuki siku hata moja nikiwa mtoto ambayo baba aliinuka bila kushika kiuno. Kwenye kigoda alikuwa akikaa kidogo tu, anahama, anasimama, anajinyoosha, anakaa tena. Sisi tulizoea. Mtu akizaliwa anakuta mlima hasemi huu mlima umetoka wapi.

Basi baba akashuka kwenye kile kiti, miguu ikanyooka mbele kama mtu aliye garini, mgongo ukazama kwenye ngozi. Maziwa ya mgando yaliletwa, hakuyaona. Baba mkubwa anasema alimwona anafumba macho, akadhani amezimia. Kisha baba akasema kwa sauti, mbele ya wenyeji wote, "Hiki kiti kimeujua mgongo wangu."

Loo! Baba mkubwa alikohoa kumzuia, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Kwetu mkwe akisifu kitu nyumbani kwa wakwe kwa mdomo wake, kitu hicho hakilali pale. Kinamfuata kwake kabla jua halijazama, na hakiombwi tena maisha. Ukikiomba umevunja uchumba. Na aliyepewa akikirudisha, amewatukana waliompa, anatozwa faini. Mama wa kijana akapiga vigelegele. Alifikiri amefanya vizuri mara mbili: kimoja tumempa mkwe, kimoja tutamuuzia Mhindi.

Jioni ile nilikuwa napepeta uwele. Nikaona mtu anakuja na njia yetu ana kitu kikubwa kichwani, nikadhani ni mzigo wa ngozi. Kilipokaribia nikaona ni kiti. Aliyekibeba ni mwenzangu mwenyewe, jasho linamtiririka, na uso wake sijawahi kuuona vile. Nilitaka kumrushia ungo. Nilitaka kupiga kelele, we mpumbavu, unabeba nini, hiyo ni mimi unanibeba kunipeleka Ikungi! Lakini baba alikuwa amesimama mlangoni anatabasamu, na mwenzangu akapiga goti akakitua, akasema, "Baba, mama anasema kiti chako ulikisahau." Nikaingia ndani nikakaa gizani kwenye magunia. Mama akanifuata, akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Siku zilizofuata sitaki hata kuzikumbuka. Baba alikiweka kiti upande wa nyumba usiopigwa na upepo, akakaa. Alikaa asubuhi, alikaa mchana baada ya kula, alikaa jioni anapokea wageni waliokuja kuona maajabu. Alikuwa anaongea! Baba yangu, ambaye kwa kawaida alijibu kwa kuguna, alisimulia habari za Tanga, za meli alizoziona, za nyapara aliyekuwa na jicho moja. Alicheka. Kiti kilikuwa chini mno, hakuweza kuinuka mwenyewe, kila mara alimwita mama, "Njoo univute," na mama anamvuta huku akinung'unika, "Mimi nimekalia kigoda tangu nizaliwe na sijafa." Lakini alikuwa akinung'unika kwa raha. Usiku walikuwa wakizungumza chumbani kama watu waliooana juzi.

Na mimi nilikuwa nakichukia kiti kile kama mtu. Kila nilipopita nilikitazama, nikamtazama baba aliyezama ndani yake, nikaona hasira na huruma zinanipanda pamoja, sijui nianze na ipi. Nilimwambia mama ukweli wote, nikitumaini yeye atasema. Aliacha kuchagua mboga, akafikiri sana. "Mimi siwezi kumvua mume wangu mgongo," akasema. "Na wewe usiseme. Si maneno ya msichana hayo." Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa mashariki kila alasiri, upepo unayafukuza, kesho yake yanarudi. Nilikuwa nikiyaombea yafukuzwe.

Asubuhi moja gari la mizigo likapita kwa kasi kuelekea Ilongero, kamba zimefungwa nyuma, na dereva ana ndevu. Nilijua. Nikaenda kisimani nikarudi, nikaenda tena nikarudi, pipa likajaa likamwagika. Mama akaninyang'anya ndoo.

Jua lilipokaribia utosini mwenzangu akaja kwa miguu, mbio mbio, vumbi mpaka magotini. Alipofika uani akajilazimisha kutembea. Akamsalimia baba, "Shikamoo, baba," akaitikiwa, akakaribishwa, akakaa chini mchangani mbele ya kile kiti. Nikasimama nyuma ya ghala nasikiliza. Sema, nikasema moyoni, sema. Akaanza kuongea habari za upepo. Kisha habari za nyuki, kwamba mizinga mwaka huu haina kitu. Baba akajibu kwamba kweli, nyuki wamehama. Mwenzangu akasema baiskeli ya mwalimu imekatika fremu. Baba akasema pole yake. Mbwa angejua kusema angesema badala yake! Mwisho akaaga. Alipopita karibu yangu hakusimama, akasema tu huku anatazama mbele, "Anaondoka jua likigeuka. Amekataa kimoja."

Nilibaki pale. Sijui nilibaki kwa muda gani. Niliona kila kitu: mvua zinakuja, ng'ombe wa Ikungi wanaingia zizini kwetu, mimi naingia kwenye nyumba ya yule mtu na watoto wake watu wazima, na kiuno changu. Miguu ikaanza kwenda yenyewe. Nikajikuta mbele ya baba, nimepiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Si umeniamkia asubuhi?"

"Nakuamkia tena kwa sababu nitakalosema ni utovu wa adabu. Inuka, baba. Nataka kiti."

Mama alikuwa mlangoni na ungo. Ungo ukasimama. Baba alinitazama kama anayejaribu kunikumbuka.

"Nani amekutuma?"

"Sikutumwa. Yeye asingenituma. Amekaa hapo mchangani anakuongelesha habari za nyuki, hukuona macho yake yako kwenye kiti tu?"

"Niliona. Nilidhani ana homa."

Nikamwambia yote, haraka haraka, bila kupumua: fundi wa Arusha, nambari kwenye chuma, bei, ng'ombe waliopungua, vyote viwili au hakuna. Nilipomaliza alikuwa ameshika kingo za kiti, vidole vinapapasa ile ngozi.

"Zawadi ya mkwe hairudishwi," akasema.

"Najua."

"Na msichana habebi mahari yake mwenyewe. Anayebeba mahari yake amejitorosha. Akipigwa huko, akifukuzwa, hana kwao pa kukimbilia. Wazee hawatamsikiliza. Hilo pia unalijua?"

"Nalijua, baba."

"Na bado unasema niinuke."

Hapo nikalia, kwa hasira, si kwa huzuni. Nikasema, "Basi kaa! Kaa, baba, mgongo wako upumzike, una haki. Mimi nitakwenda Ikungi, na kila siku ya maisha yangu nitasimama kwenye uwanja wa yule mtu natazama barabara. Wewe utakuwa umekaa, na mimi sitakaa tena kamwe."

Upepo ulizunguka nyumba, ukarusha pumba za mama uani. Nilingoja kofi. Nilikuwa tayari kwa kofi. Badala yake akanyoosha mkono.

"Nivute," akasema.

Nikamvuta. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Alisimama ameshika kiuno, akangoja mpaka mgongo unyooke kadiri unavyoweza kunyooka, ambayo si kadiri kubwa. Hakunitazama. Alimgeukia mama akamwambia kwa Kinyaturu chetu, kwa sauti ya kila siku, "Mama watoto, hebu njoo tumwone yule ndama anayeharisha."

Hatukuwa na ndama anayeharisha. Mama alimwangalia, akaniangalia, akaweka ungo chini. "Twende," akasema, "yuko huku nyuma." Wakazunguka nyumba wote wawili, wakaniacha uani na kiti.

Sikufikiri maana yake wakati ule. Nilikunja kanga nikafanya ngata, nikakiinua kiti, nikatoka. Mnajua uzito wa chuma? Na mnajua upepo wa Singida unavyokifanya kitu kipana kichwani? Ulinigeuza kama mlango. Mara tatu nne niliangukia magoti. Wanawake waliokuwa wakitayarisha mashamba walisimama na majembe, mmoja akaniita, "We binti, umehamishwa peke yako?" Wengine wakacheka, wengine hawakucheka, walinyamaza kabisa, na hao ndio walionitisha. Sikusimama. Shingo ilikuwa inawaka na nilikuwa nikilia na kutukana pamoja, namtukana Mzungu, namtukana Mhindi, nautukana mkonge wa Tanga.

Nilipofika, fundi alikuwa anafunga turubai. Kiti cha pili kilikuwa chini, kimekataliwa, na mama wa kijana amekaa kando yake amejishika kichwa. Mwenzangu aliponiona hakunipokea, aliganda. Fundi ndiye aliyekuja mbio. Akakitua, akakibeba mpaka kilipo kingine, akaviweka ubavu kwa ubavu kama vilivyokuwa garini. Akarudi nyuma akavitazama. Kusema kweli vilipendeza. Hata mimi niliyevichukia niliona vilikuwa vinangojana. "Sasa ni gari," akasema.

Mama wa kijana aliniangalia miguu yangu iliyojaa vumbi. Akauliza polepole, "Mwanangu, ndiyo umekuja?" Nilielewa anachouliza. Msichana anayefika na miguu yake huwa amefika moja kwa moja.

"Nimeleta kiti," nikamwambia. "Narudi kwetu."

Nilirudi mbio. Nilimkuta baba ameketi kwenye ngozi chini, palepale kilipokuwa kiti, miguu ameinyoosha mbele, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa udongo, na ukuta haukumpokea. Alikuwa anahama, ananyoosha, anahama tena. Hakuniuliza nimetoka wapi. "Maji ya kunywa yamekwisha," alisema. Nikachukua ndoo.

Ng'ombe wakanunuliwa mnadani, wakaletwa kabla mawingu hayajafungua. Siku ya kuwapokea wazee wa pande zote mbili walikaa uani kwetu, na sisi wanawake ndani, macho kwenye nafasi za mlango. Kijiji kizima kilikuwa kimeniona na kiti kichwani, na maneno yalikuwa yameshatembea kuliko mimi: amejibeba, amejitorosha, huyo hana kwao tena. Shangazi zangu walikuwa wakinitazama kwa pembe ya jicho.

Ng'ombe wakakaguliwa, wakakubaliwa. Ndipo mzee mmoja wa upande wa Ilongero, mtu mpole lakini mwenye kushika sheria, akasafisha koo. Akasema wao walileta kiti katika nyumba hii, kwa heshima, na leo hawakioni. Wamesikia mengi njiani. Wangependa kusikia kwa mwenye nyumba ni nani aliyekitoa.

Baba mkubwa, mwenye mdomo usio na mlango, alitazama chini.

"Nilikitoa mimi," baba akasema. "Nilimtuma binti yangu akirudishe. Na binti akitumwa na baba yake huenda."

"Ulikisifu kwa mdomo wako."

"Nilikisifu. Mtu akiwa na njaa husifu hata ugali mbichi. Nilipokikalia siku chache nikakiona. Kile kiti kiliniumiza mgongo."

"Unajua kurudisha zawadi ya wakwe ni tusi."

"Najua. Kondoo wenu yule pale nimemfunga tangu asubuhi."

Nilichungulia. Alikuwa kondoo wetu jike mwenye mkia mnene, ambaye mama alikuwa akimlea kwa ajili ya arusi yangu. Wazee wakatazamana, kisha wakaangua kicheko, na uzito wote ukaondoka uani. Mmoja akasema mgongo wa manamba umezoea ardhi, ukiupa kiti cha Mzungu unaumwa. Mwingine akasema kesho mpeni jiwe. Baba alicheka pamoja nao, akijipiga paja. Shangazi aliyekuwa karibu yangu akanishika bega, akasema, "Kumbe ulitumwa, mwanangu. Watu wana midomo." Nilijaza kanga mdomoni nikaing'ata, maana nilimpenda baba wakati ule mpaka ikauma, na nisingeweza kutoka.

Kisha ikabidi ainuke akabidhi kamba ya kondoo. Alikuwa amekaa chini kwenye ngozi siku hizo zote, kigoda kilikuwa kimemshinda kabisa. Aliweka mkono kiunoni, akajaribu, akarudi chini. Wanaume walikuwa bado wanacheka na hakuna aliyemwona. Mama aliona, lakini mwanamke haingii katika kikao. Mimi niliona. Akajigeuza akashika ukuta, akajivuta juu kidogo kidogo, vidole vinachimba udongo, mpaka akasimama kadiri anavyosimama. Akamkabidhi yule mzee kamba, na kwa sauti kubwa, akiwa amegeuza uso upande wa mlango wetu, akasema tena kwamba kiti kile kilimuumiza sana.